Nilichokiandika Kwenye Safu ya Maelezo

Vijana watatu mliobaki kwenye ofisi yetu ya Shangani mliniomba, siku ile ya kuniaga, niwaandikie namna tulivyokuwa tukikusanya takwimu kabla yenu. Nimekaa mwezi mzima bila kuandika hata mstari mmoja. Si kwamba nimesahau. Nakumbuka vizuri mno, na hiyo ndiyo iliyonichelewesha. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi na havina la kumfundisha mtu. Nitaanza na bohari, maana huko ndiko nilikojua kwamba namba inaweza kunuka.

Mwaka 1985 nilikuwa mwalimu wa hesabu. Siku moja nikapewa barua ya uhamisho: nende kwenye bohari la mafuta la idara moja ya serikali, upande wa Malindi, wanataka karani anayejua kugawanya. Mama yangu aliisoma barua ile mara mbili. Kwetu tulikuwa watu wa mashamba zamani, huko Kidichi, na ingawa mashamba yalishaondoka, mama alikuwa bado anajiona mtu wa mashamba. Akasema, "Zuwena, utarudi nyumbani unanuka dizeli." Hakukosea. Nilinuka dizeli kwa miaka minane, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema anajua nimefika kabla sijabisha hodi.

Bohari lilikuwa mikononi mwa Bwana Ponsiano. Wazee wake walitoka bara kuja kufanya kazi bandarini. Yeye alizaliwa Ng'ambo, na Kiunguja chake kilikuwa safi kuliko changu. Siku ya kwanza nilifika na buibui jipya na kalamu ya wino mpya. Aliichukua ile kalamu, akaitia kwenye mtoto wa meza, akanipa penseli.

"Wino na dizeli havipatani," alisema. "Haya, panda."

"Nipande wapi?"

Akaonyesha tangi. Lilikuwa na ngazi ya chuma upande mmoja, ndefu kuliko nyumba yetu. Aliwaamuru wapakiaji wote wageuke waangalie ukuta, nao wakageuka, watu wazima saba wamejipanga kama watoto waliotiwa adabu. Nilipanda nikiwa sijui nicheke au nilie. Nilipofika juu alinielekeza kutoka chini kuipaka chaki fimbo ya kupimia, kuiteremsha pole pole mpaka igonge chini, kisha kuitoa na kusoma pale chaki iliporowa. Nilipima mara tatu, nikapata vipimo vitatu mbalimbali.

"Ipi ya kweli?" nilimuuliza kutoka juu.

"Ziandike zote tatu. Utajua ukishapima ya nne."

Ndivyo alivyokuwa. Alinifundisha kupima asubuhi, jua halijalipasha tangi moto na kuyafanya mafuta yavimbe. Alinionyesha kwamba tangi letu limelala kidogo upande wa baharini, kwa hiyo fimbo husema uongo, lakini husema uongo ule ule kila siku, na uongo wa namna hiyo unaweza kuishi nao. Alikuwa pia na kanuni moja ambayo wakati ule niliiona ya kizembe. Mkubwa wetu alipotaka taarifa ya mwezi, Bwana Ponsiano alimpelekea jumla tu. Mimi nilikuwa nimeandaa kurasa nne, kila dereva na lita zake. Alizitazama, akazisifu kwa mpangilio wake, akaziweka kabatini.

"Ameomba jumla. Mpe jumla. Akitaka majina atauliza, na akiuliza, wewe muulize ya nini."

Nilimwona mtu mwoga. Alistaafu mimi nikiwa bado pale, akafariki miaka michache baadaye, na sikuwahi kumwambia kwamba nilimdhania hivyo.

Miaka ya tisini ikaja na hoteli. Kila pwani ilipigwa uzio, na kila hoteli ikawa na jenereta yake, kisima chake na taka zake. Bwana Nassor, mtoto wa Mji Mkongwe aliyesoma nje na kurudi, alifungua ofisi ndogo ya ushauri kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ya babu yake pale Shangani. Alihitaji mtu wa kwenda huko mahotelini kuhesabu. Akanifuata boharini, akanikuta juu ya tangi. Baadaye aliniambia kwamba alishaamua kunichukua kabla sijateremka.

Kazi zetu za mwanzo zilikuwa maji na taka. Kisha, miaka ya elfu mbili ilipokwisha kuanza, ikaja kampuni moja yenye hoteli Kendwa, ofisi mjini, magari matatu na boti mbili. Wenyewe walikuwa nje ya nchi, na huko kwao wateja walianza kuuliza: kampuni yenu inatoa hewa ukaa kiasi gani kwa mwaka? Hawakuwa na jibu. Wakatuandikia.

Nyinyi hesabu hii mmeisoma chuoni, lakini sisi ilibidi Bwana Nassor atuchoree ubaoni. Kila unachokiwasha, dizeli, gesi, makaa, petroli ya boti, hata umeme unaotoka kwenye waya, kina hewa yake. Ukijua lita na kilo na uniti, unazidisha kwa namba zilizowekwa na wataalamu, unajumlisha, umekwisha. Kuzidisha ni kazi ya asubuhi moja. Kuzipata hizo lita na kilo kulinichukua miezi minne.

Mpishi mkuu wa hoteli alikuwa na jibu moja kwa maswali yangu yote. Makaa kiasi gani kwa wiki? "Ya kutosha." Gesi je? "Ya kutosha." Mwezi wa Ramadhani, wageni wakiwa wachache? "Inatosha vile vile." Nikaona hapana, nikakaa jikoni wiki nzima na mizani ya kuning'iniza, nikipima kila gunia linaloingia. Ndipo nilipogundua kwamba gunia la masika ni zito kuliko la kiangazi, na kwamba tulikuwa karibu tuhesabu maji ya mvua kuwa makaa. Fundi wa viyoyozi alinicheka nilipomwambia apime uzito wa mtungi wa gesi ya kupozea, ambayo ikivuja nayo huhesabiwa, kabla hajaanza kujaza na apime tena akimaliza. Nahodha wa boti aliapa kwamba safari zote hula mafuta sawa, bahari ichafuke au itulie. Mtu mzima, ameishi baharini, ananitazama usoni na kuniambia hivyo.

Nikafahamu kwamba hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaogopa. Mtu wa mjini amekuja na daftari, anauliza mafuta yanakwenda wapi. Wewe ungefikiri nini? Kwa hiyo nikaomba kusema na wafanyakazi kwenye ukumbi wao wa chakula. Nikasimama mbele ya wapishi, madobi, madereva na mafundi, nikawaambia, "Jamani, sikuja kumkamata mtu. Namba mtakazonipa ni za moshi tu. Jina la mtu halitoki."

Niliyasema hayo mbele ya watu, na nilipoyasema yalikuwa kweli.

Wa kwanza kunifuata baada ya mkutano ule alikuwa Haji Makame, opereta wa jenereta. Mzaliwa wa Kendwa, mwembamba, sikio la kulia limeharibika kwa kelele za mashine, kwa hiyo alizungumza kwa sauti ya juu na kukugeuzia shavu la kushoto ukimjibu. Alikuwa na daftari la skuli lililofunikwa kwa karatasi ya kaki.

"Bi Zuwena, sijui kama litakufaa."

Nililifungua nikaketi chini. Miaka minne, kila siku: saa aliyoiwasha jenereta, saa aliyoizima, umeme ulikatika au ulikuwa mdogo, alibadilisha oili lini, chujio lini. Hakuna siku iliyorukwa. Hata sikukuu zimo. Kwenye kampuni nzima, pamoja na ofisi ya mjini yenye kompyuta, hapakuwa na rekodi iliyokamilika isipokuwa ile.

"Nani alikuagiza uandike haya?"

"Hakuna. Mashine haiwezi kusema, Bi Zuwena. Lazima mtu aisemee."

Nawaambia kweli, kama si daftari lile ripoti yetu isingekuwepo. Tulifanya kazi pamoja siku tatu, mimi na yeye. Tukiiwasha jenereta kwa muda wa saa moja kamili, tukipima tangi kabla na baada, na yeye akishika fimbo kwa utulivu ambao ungemfurahisha Bwana Ponsiano. Tukapata jenereta inakula lita ngapi kwa saa. Nikazidisha kwa saa za kwenye daftari lake. Kisha nikatoa hati za kupokelea mafuta nikalinganisha.

Hazikulingana. Mafuta yaliyoingia yalizidi yale yaliyoliwa na jenereta. Nikarudia hesabu, nikarudia tena, kila mara jibu ni lile lile: dumu moja la lita ishirini kila siku mbili.

Nilimfuata kwenye kibanda cha jenereta, adhuhuri, umeme umo na mashine imezimwa.

"Bwana Haji, hesabu yangu haikai. Kuna dumu moja kila siku mbili silioni."

Hakushtuka. Alifuta mikono kwa kitambaa.

"Hilo si la jenereta. La pampu."

"Pampu gani?"

"Twende nikakuonyeshe."

Tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukavuka shamba la mihogo, kama mwendo wa dakika kumi. Kulikuwa na kibanda cha matofali, ndani yake pampu ndogo ya dizeli, na nje bomba mbili na foleni ya ndoo. Ufunguo wa kibanda alikuwa nao mwanamke mtu mzima, Bi Mize, ambaye kijiji kilimchagua kusimamia maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati kabla hajaniuliza mimi nani.

Haji akanieleza. Hoteli ilipojengwa ilichimba kisima kirefu, na baada ya mwaka kisima cha kijiji kikawa cha chumvi. Wanakijiji walilalamika. Wakapata pampu ya msaada na kuchimba mbali zaidi, lakini mafuta ya kuiendesha hawana. Meneja wa kwanza wa hoteli alikuja mwenyewe.

"Alisimama hapo hapo uliposimama," Haji alisema. "Akasema, Haji, kila siku mbili wape dumu. Basi nnawapa."

"Aliandika?"

"Alisema mbele ya watu."

"Na hawa wa sasa wanajua?"

"Hawajaniuliza. Wa kwanza kuuliza ni wewe."

Tulirudi kwa njia ile ile. Tulipofika mlangoni alinigeuzia sikio lake zima.

"Utaliandika hilo?"

"Mimi naandika mafuta tu, Bwana Haji."

"Haya," alisema. Akaingia kazini.

Sasa nifike pale nisipopapenda. Niliporudi mjini nilimweleza Bwana Nassor. Alinijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake: dizeli iliyonunuliwa na kampuni ndiyo iliyoungua. Iungue kwenye jenereta, iungue kwenye pampu, hewa ukaa ni ile ile. Hesabu ya kampuni inataka jumla. Weka jumla.

"Na nikiulizwa mbona jenereta inaonekana inakula kuliko kawaida yake?"

"Ukiulizwa, utajibu."

Alikuwa sahihi, na nilijua kwamba yuko sahihi. Hesabu isingebadilika hata kwa kilo moja. Lakini jedwali letu lilikuwa na safu ya mwisho kulia, imeandikwa Maelezo, na mimi nilitaka kila mstari uwe na maelezo yake. Miezi minne nimepanda matangi na kupima magunia. Nilitaka anayesoma aone kwamba mwanamke huyu hakupitwa na hata dumu moja. Baadaye nilijiambia kwamba niliandika ili hoteli ijivunie wema wake, kwamba wenye kampuni watafurahi kusikia wanawapa watu maji. Sababu hiyo niliitunga nikishajua yaliyotokea. Siku ile yenyewe nilikuwa naringa tu.

Niliandika hivi: "Lita hizi hazitumiki kwenye jenereta. Hutolewa na opereta, Haji Makame, kwa ajili ya pampu ya maji ya kijiji, kwa makubaliano ya mdomo na meneja wa zamani." Jina nililiweka kwa sababu nilijifunza kwamba kila taarifa lazima itajwe ilikotoka. Ukumbi wa chakula sikuukumbuka. Ningependa kusema niliukumbuka nikasita, lakini haikuwa hivyo. Bwana Nassor aliisaini ripoti, akiamini nimeweka jumla.

Baada ya siku kama tano nilirudi Kendwa kurudisha kumbukumbu za boti nilizoazima. Nilipita kwenye kibanda cha jenereta kumsalimia Haji. Nikamkuta mtu mwingine, hajui hata chujio liko upande gani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja. Alikuwa na mwaka mmoja tu pale, mtu wa adabu, alinyanyuka kunipa kiti.

"Ripoti yako nzuri sana, Bi Zuwena. Imeshaanza kutufaa."

"Haji Makame yuko wapi?"

"Tumemwachisha. Wewe ndiye uliyetufumbua macho."

"Mimi sikuandika kwamba ameiba. Nimeandika kuna makubaliano."

"Nionyeshe karatasi ya makubaliano."

"Yalikuwa ya mdomo."

"Ndiyo," alisema kwa upole, na akaufungua ukurasa wangu mbele yangu. "Ndivyo ulivyoandika."

Nilimwomba aniruhusu niuondoe ukurasa ule niuandike upya. Akasema ripoti ilishatumwa kwa wenye kampuni. Nilimweleza kuhusu kisima cha chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hayo ni mambo ya kabla yake, na kwamba hoteli haiwezi kuendesha mitambo ya watu wengine.

Nilikwenda nyumbani kwa Haji. Alinikaribisha, akanitandikia mkeka, mkewe akaleta chai. Afadhali wangenifukuza. Nilianza kujieleza, akanikatiza.

"Bi Zuwena, daftari langu wamelichukua. Wamesema ni ushahidi. Unaweza kunipatia?"

Hilo tu ndilo aliloniomba. Niliandika barua, nikaenda mwenyewe mara mbili, nikaambiwa daftari ni mali ya kampuni kwa vile liliandikwa saa za kazi. Sikulipata.

Nilimtafuta pia yule meneja wa kwanza. Alishahamia nchi nyingine, na anwani yake niliipata kwa kuuliza huku na kule. Jibu lake lilikuja baada ya miezi mitatu: ndiyo, alitoa ahadi hiyo, mbele ya watu, na anasikitika. Nililipeleka Kendwa nikiwa na matumaini. Meneja alilisoma, akanirudishia. Nafasi imeshajazwa, alisema, na ahadi ya mtu aliyekwisha kuondoka haiifungi kampuni.

Mngefikiri niliacha kufanya kazi na kampuni ile. Sikuacha. Mwaka uliofuata walitaka hesabu ya pili, ili walinganishe, na Bwana Nassor, ambaye wakati huo alishayajua yote, alisema kama si sisi watampata mwingine, na huyo mwingine hatajua lolote. Niliiona hoja nzuri. Nilikwenda.

Mara ile wafanyakazi walinipa kila nilichotaka, haraka, bila mazungumzo, macho yao ukutani. Mpishi mkuu hakusema tena "ya kutosha"; alinipa karatasi iliyoandikwa kila kitu. Nilikuwa nimepata takwimu safi kuliko za mwaka wa kwanza. Na nilipokuwa nikirudi barabarani niliwaona wanawake na ndoo zao wakitoka kijiji cha pili, mbali, kwa sababu bomba zile mbili zilikuwa kavu. Maji ya kisima cha zamani walikuwa wakifulia tu.

Niliketi kwenye meza yangu ya Shangani nikajumlisha. Hewa ukaa ya kampuni ilikuwa imepungua. Sehemu ya upungufu ule ilikuwa ya taa mpya walizoweka, hilo ni haki yao. Lakini mstari wa dizeli nao ulikuwa umeshuka, na mimi peke yangu nilijua umeshuka kwa kiasi gani na kwa nini: dumu moja kila siku mbili, mwaka mzima. Mbele ya mstari ule, upande wa kulia, safu ya Maelezo ilikuwa tupu. Nilishika penseli. Nikawaza kwamba nikiandika, watauliza kwa nini tunawasema, na kazi ya mwaka wa tatu haitakuja. Nikaiacha tupu. Mwaka wa kwanza niliandika pasipotakiwa kitu. Mwaka wa pili palitakiwa, nikanyamaza. Wenye kampuni walileta barua ya pongezi, na hoteli ikapewa cheti, wakakitia kwenye fremu pale mapokezi. Nimekiona. Jina langu halimo, kwa bahati.

Sikumtafuta Haji tena kwa karibu miaka minne. Nilijiambia simjui alipo, na Unguja yote hii mtu anaweza kuivuka asubuhi moja. Nilimkuta Darajani bila kutarajia, nikitafuta mpira wa bomba la jikoni. Alikuwa ndani ya duka la vipuri, amekaa juu ya kigoda, amefungua mashine ya boti vipande vipande juu ya gazeti. Alinijua kabla sijamjua.

"Bi Zuwena! Hujambo?"

Niliketi kwenye kreti la soda lililokuwa karibu. Nikamwambia pale pale, watu wanapita, muuza duka anasikia, kwamba nilimkosea, kwamba nilisema jina la mtu halitoki na nikalitoa kwa mkono wangu, na hapakuwa na haja. Nikamwambia na habari ya mwaka wa pili, ambayo yeye hakuijua. Alinigeuzia sikio la kushoto mpaka nikamaliza.

"Mimi nshakusamehe zamani," alisema. "Nilikaa miezi mitatu, nikapata kazi hapa. Si mbaya. Kelele kidogo." Akafikiri. "Lakini maji hawakupata mpaka mwaka jana, bomba la serikali lilipofika. Huo msamaha wa kwao mimi siwezi kukupa."

Vijana wangu, nawaeleza haya kwa sababu mna kompyuta ndogo za kubebea, na safu ya Maelezo kwenu haina mwisho. Unaweza kuijaza kurasa na kurasa na kuipeleka upande wa pili wa dunia kabla chai haijapoa. Mkienda kwa watu, waambieni namba zao zitakwenda wapi na nani atazisoma. Kama hamjui nani atazisoma, waambieni pia hamjui. Na kabla ya kuandika jina, jiulizeni hesabu itabadilika kwa jina hilo? Ya kwangu isingebadilika. Ila siku mtakapoona namba imeshuka na mnajua imeshuka juu ya mgongo wa nani, hapo andikeni, hata kama kazi ya mwaka unaofuata itakwenda kwa wengine. Sina mbinu nyingine ya kuwaachia. Ya chaki na fimbo mnaijua.

Wiki ya pili baada ya kumkuta Haji Darajani nilikwenda Kendwa, siku ya Jumamosi. Bi Mize alikuwa uani kwake anachambua mchele. Alikuwa amezeeka ghafla, kama wanavyozeeka watu usipowaona. Nilimwamkia, nikamkumbusha kikombe cha bati, hakunikumbuka. Basi nikaanza mwanzo. Nilimweleza ripoti ni nini, hewa ukaa ni nini, nilipima vipi, niliandika nini, na mwaka wa pili sikuandika nini. Ilichukua muda. Hakuacha kuchambua mchele wake.

Nilipomaliza alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Kwa hivyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Bi Mize."

"Sisi tulidhani Haji kawaudhi watu wa hoteli." Akapeta mara mbili, makapi yakaruka. "Na huo moshi mliokuwa mkiuhesabu. Ulipungua?"

Nilitaka kumwambia ulipungua kwenye karatasi tu, lakini haikuwa kweli, na mbele yake sikuweza tena kuongeza wala kupunguza.

"Ulipungua," nilisema. "Dumu moja kila siku mbili."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. Kisha akaweka ungo chini, akanyanyuka kwa kujishika kiunoni, akaenda kwenye bomba la serikali lililokuwa uani kwake akalifungua, akaiacha ndoo iliyokuwa chini yake ijae mpaka juu, maji yakimwagika chini, na mimi nimekaa nayatazama, na hakuna kati yetu aliyelifunga.